Gogo la Tatu Kutoka Majini

Mgeni wa saba asubuhi ile aliingiza mikono yake katika pingu zilizoshika kutu, akainua kidevu, akamwomba mkewe ampige picha.

"Mzee, nikaze uso ama nitabasamu?" akauliza.

"Waliozivaa hawakuulizwa," akajibu Jefwa Mwaro.

Kundi zima likacheka. Jefwa hakuwa amefanya mzaha, lakini katika majuma matatu ya kuongoza wageni alikwisha kuona kwamba wageni hulipokea kila neno lake kama sehemu ya burudani. Akangoja. Bwana yule alipotoa mikono alikuta utepe wa kutu umemzunguka vifundo, akaufuta kwa leso yenye manukato, na hapo kundi likawa tayari kuendelea.

Jefwa alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alivaa shati la kijani lililoandikwa kifuani kwamba yeye ni mwongoza wageni, na hilo lilikuwa vazi la kwanza la kazi maishani mwake ambalo halikunuka sifa, mafuta ya papa yanayoletwa kutoka Kipini kwa ajili ya mashua. Mkewe, Kahaso, alilipiga pasi kila alfajiri kwa mkaa, akalikunja kana kwamba ni la mtu mwingine.

Kisiwa cha Mvumoni kimelala katikati ya Mto Tana, mwendo mfupi chini ya Garsen. Wakoloni walikifanya jela kwa sababu mto ulikuwa ukuta usiohitaji kujengwa, na mamba walikuwa askari wasioomba likizo. Wafungwa walijengeshwa chelezo, mteremko wa magogo uliotoka karakana hadi majini, na juu ya magogo hayo wakashua mashua za serikali, wakiziteremsha mtoni moja baada ya nyingine. Uhuru ulipokuja jela ikafungwa. Karakana ikaendelea kwa mikono ya watu huru. Jefwa aliingia humo akiwa na miaka kumi na tisa, akajifunza kutia kalafati: kusokota pamba, kuichovya katika sifa, kuisukuma kwa patasi butu katika kila ufa kati ya ubao na ubao mpaka maji yakose pa kupita. Kwa miaka kumi na saba hakuna mashua iliyopita mikononi mwake ikavuja. Hilo alilisema mara chache, na kila alipolisema alisimama wima.

Kisha barabara na daraja vikavinyima vivuko kazi. Yakaja mafuriko ya mwaka wa tisini na saba, yakalichukua paa la karakana, na kisiwa kikaachiwa nyani.

Kamati ya Turathi ya Mvumoni ilipokifufua, iliezeka mapaa, ikapaka kuta chokaa, ikamwaga saruji juu ya chelezo ili wageni wasijikwae, na kabla kazi haijaisha ikamtafuta mtu aliyekijua kisiwa. Ilimkuta Jefwa katika shamba lake la Kilelengwani, amesimama katika matope yaliyoachwa na mto mahali palipokuwa na mahindi. Hakuuliza maswali mengi. Nyumbani walikuwa wakila mara moja kwa siku.

Walimpa kurasa nne azikariri. Alizikariri kwa siku mbili.

Sasa alilitoa kundi katika chumba cha pingu, akaliingiza katika ukumbi mkubwa. Ukuta wa mwisho ulikuwa na mchoro wa mtu aliyepasua maji kwa mikono yake, mnyororo umemning'inia mguuni, mamba watatu wamefungua vinywa nyuma yake. Mchoro huo huo ulikuwa juu ya fulana zilizouzwa langoni.

"Huyu ndiye Mfungwa wa Sitini na Moja," akasema Jefwa kwa sauti ya kurasa. "Jina lake ni Guracha, mchunga ng'ombe. Alifungwa miezi sita kwa kunywesha mifugo mahali palipokatazwa. Alasiri moja ya mwaka wa hamsini na nane, askari wakishughulika na kushua mashua, alijitupa mtoni na mnyororo wake. Mto huu, mabibi na mabwana, una mamba mpaka leo. Walimpigia risasi. Walimfuata kwa mashua. Hawakupata hata kipande cha nguo. Daftari la jela hili hapa chini ya kioo. Tazameni mstari wa mwisho."

Wageni wakainama. Kwenye mstari wa mwisho palikuwa na namba, jina, na neno moja la wino uliofifia: *Ametoroka*.

"Ndiye mtu pekee aliyekishinda kisiwa hiki," akamaliza Jefwa, akanyamaza. Kurasa zilimwagiza anyamaze hapo ili makofi yapate nafasi.

Makofi yakapigwa.

Nyuma ya kundi, wanawake wawili hawakupiga makofi. Mmoja alikuwa mkongwe mwembamba mwenye mtandio mweusi na fimbo ya kuchungia iliyogeuzwa kuwa mkongojo. Wa pili, wa makamo, alimshika kiwiko. Wageni walipotawanyika kwenda kununua maji, mkongwe akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kidole juu ya mstari asioweza kuusoma.

"Hapa ndio wameandika?"

"Ndipo, mama."

"Wameandika nini?"

"Ametoroka."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Utuwie radhi, mzee," akasema yule wa makamo. "Mimi naitwa Barwako, nafundisha shule ya msingi huko Ndera. Huyu ni mama yangu, Qabale. Alilisikia jina redioni akakataa kula mpaka nimlete. Nilimwambia akina Guracha kwetu ni wengi kuliko miti ya mathenge. Akaniuliza, wangapi kati yao walifungwa kwa kunywesha ng'ombe?"

"Mimi ni mtoto wa huyu," akasema Qabale. Hakuutazama mchoro, alilitazama daftari. "Wakati anachukuliwa, mimi niko tumboni."

Jefwa aliufunga mkono mmoja juu ya mwingine. Vidole vya mtia kalafati havinyooki sawasawa hata akistaafu.

"Nataka kuuliza kitu kimoja tu," akasema Qabale. "Wewe unajua hadithi yote. Huyu mtu, wakati anatoka kwa maji, alitoka upande gani?"

Jefwa akakifuta kioo kwa kiganja, na Barwako akadhani swali halikueleweka.

"Boma lao lilikuwa mashariki ya mto," akaeleza. "Askari walikuja kulipekua, ndipo watu wakajua ametoroka. Basi wakasema alivuka magharibi, akaenda zake, akaoa huko. Nyanya yangu aliimbiwa wimbo wa dhihaka kisimani. Mjane hukaa eda, humaliza, huolewa. Yeye hakupewa hata eda, kwa sababu mumewe hakufa, alimkimbia. Aliishi hivyo miaka arobaini na minne."

"Kama alitoka magharibi, walisema kweli," akasema Qabale. "Kama alitoka mashariki, alikuwa anakuja nyumbani."

Mlangoni, Winfred, katibu wa kamati, aliinua vidole vitatu: kundi la tatu limefika gatini. Alikuwa mwanamke mwenye bidii, mkali wa saa, na ndiye aliyempigania Jefwa apewe kazi wengine waliposema ni mzee mno.

Jefwa akamtazama Winfred. Akalitazama daftari.

"Mashariki, mama," akasema. "Mbele ya miti ile miwili ya mivumo, kule ng'ambo."

Maneno yalitoka laini, kama pamba iliyoloa vizuri. Qabale akafumba macho. Midomo yake ilisogea bila sauti, na alipoyafumbua alikuwa amesimama bila kuuegemea mkongojo.

"Barwako, umesikia. Mama alikuwa anangoja mtu ambaye yuko njiani."

"Nimesikia, mama."

"Pengine mamba alimkuta nchi kavu. Pengine risasi. Haidhuru. Alikuwa njiani." Akafungua fundo la khanga kiunoni, akatoa mfuko mdogo wa kitambaa cheupe, mpya, ulioshonwa kwa mkono. "Mwenye mashua atuvushe hapo. Nichukue udongo pale alipokanyaga. Nitauweka kwa kaburi la mama. Nimekuja kwa hiyo tu."

Wakatoka. Jefwa akabaki na kabati la mwisho la ukumbi, ambalo kurasa nne hazikulitaja kwa zaidi ya mstari mmoja. Ndani yake palikuwa na kipande cha mti wa mhuhu, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kilichochongwa shingo karibu na juu. Kibao chini yake kiliandikwa: *Kigingi cha kufungia mashua*.

Yeye ndiye aliyekiita hivyo. Mwezi wa Januari, mashine ya saruji ikinguruma, alikuwa amekwenda peke yake kwenye chelezo akaking'oa kwa mikono, na Winfred alipouliza ni nini, akajibu jambo la kwanza lililomjia. Mgiriama yeyote angekitazama mara moja tu na kujua: ilikuwa koma, mti ambao aliye hai humsimamishia aliyekufa ili ampe kinywaji, asije akamdai ndotoni.

Siku Jefwa alipoajiriwa karakana, baba yake, koplo mstaafu wa jela, alikuja kisiwani na koti lake la zamani akamwonyesha mti ule kando ya magogo. "Kabla ya kushua chochote, mwaga maji hapa," alisema. "Usiulize." Jefwa akamwaga, na mafundi wengine wakamwiga. Wapokomo, Wagiriama, Wabajuni, wote wakaamini ni bahati ya mashua. Kwa miaka kumi na saba hakuna chombo kilichoshuka pale mti ule ukiwa mkavu. Mwaka wa themanini na tisa, akiwa kitandani, baba yake alimweleza.

Nje, injini ya mashua ilikohoa. Jefwa akatembea, kisha akakaza mwendo kuliko magoti yake yalivyopenda.

"Mama," akasema. "Usipande."

Qabale alikuwa na mguu mmoja gatini na mmoja hewani. Abdullahi, mwenye mashua, akageuka. "Apande, asipande? Injini yangu inakunywa petroli, Mzee Jefwa, haijui hadithi zako."

"Izime."

Kuna namna mzee asiyepaza sauti husema neno likatosha. Abdullahi akaizima.

Jefwa akawaongoza wanawake wale kando ya ukuta wa karakana mpaka kwenye chelezo. Saruji mpya iling'aa kwa jua la saa tano. Akasimama akivielekeza viganja vyake chini, kama aliyetua mzigo.

"Nilikudanganya," akasema. "Hakuvuka mashariki. Hakuvuka magharibi. Mto huu hakuuingia."

Akanyoosha mkono kuelekea karakana.

"Walikuwa wakishua mashua kubwa ya mizigo. Mashua huzuiwa kwa kabari, na kabari hupigwa mwisho, baada ya watu wote kutoka chini. Guracha alikuwa na homa. Alikuwa bado chini, analinyoosha gogo. Mwenye nyundo akaipiga kabari, mashua ikamshukia."

"Nani?" akauliza Barwako.

"Koplo Mwaro. Baba yangu."

Upepo ulipita katika mivumo ng'ambo, ukaacha. Qabale aliushika mkongojo kwa mikono miwili.

"Aliangalia kwanza, au hakuangalia?"

"Mara ya kwanza aliniambia hakuangalia. Mara ya pili aliniambia bwana jela alitaka mashua majini kabla ya saa kumi. Mara ya tatu hakuniambia kitu, akageukia ukutani. Kesho yake akafa. Walimzika papa hapa, askari wawili na baba, kando ya gogo la tatu kutoka majini, mkono wa kushoto. Mfungwa akifa huandikwa sababu. Akitoroka huandikwa neno moja."

Barwako alikuwa amegeuza uso. Bega lake lilipanda, likashuka. Qabale hakulia. Aliitazama saruji kama mtu anayetazama kisima kilichofunikwa.

"Umejua miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Na leo ukaniambia mashariki."

"Nilikuambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa rahisi," akasema Jefwa.

"Na yale makofi?" akauliza Barwako bila kugeuka. "Mara ngapi kwa siku, mzee?"

"Siku ya watu wengi, mara tisa."

"Nyanya yangu aliteka maji akiimbiwa. Wewe unapigiwa makofi kwa wimbo ule ule."

Jefwa alirudi ukumbini, akatoa ufunguo, akafungua kabati la mwisho, akautwaa mti wa mhuhu. Akapita stoo, akachukua nyundo yake ya mti, patasi moja kali, na uzi wa kupimia uliopakwa chaki. Aliporudi akauweka mti ule chini, mbele ya miguu ya Qabale.

"Baba aliusimamisha kwa ajili yake. Nimemwagia maji miaka yote niliyofanya kazi hapa."

Qabale aliugusa mti kwa ncha ya mkongojo, akaugeuza mara moja.

"Baba yangu alikuwa Mwislamu."

"Najua. Baba hakujua namna nyingine."

"Huu si wa baba yangu," akasema, bila hasira, kama mtu anayerudisha ng'ombe wa jirani aliyeingia zizini mwake. "Ni wa baba yako. Alikuwa anajipa maji mwenyewe. Uondoe."

Jefwa akauondoa. Hakupata mahali pa kuuweka, akauchomeka katika mkanda wake.

"Sasa nionyeshe," akasema Qabale. "Hasa ni wapi?"

Hapo ndipo Jefwa alipoona alichokuwa amekifanya mwezi wa Januari. Saruji ilikuwa sawa kila mahali. Hapakuwa na gogo la kwanza wala la tatu. Palikuwa na mteremko mmoja wa kijivu, laini, uliofagiliwa. Alikuwa ameung'oa mti ili usizikwe, na kwa kuung'oa akaifuta alama ya pekee.

Akatazama huku na huku. Katika ukuta wa karakana palibaki pete ya chuma, mahali mafundi walipoanzia kazi. Akaenda pale akapiga magoti. Mtia kalafati hatembei. Husogea kwa magoti ubavuni mwa mashua, shibiri kwa shibiri, ndoo ya sifa kulia, pamba begani. Miaka kumi na saba aliifuata njia hiyo. Akafumba macho, akaanza kusogea.

Suruali yake mpya ikakwaruza saruji. Wageni wa kundi la tatu, waliokuwa wakingoja kivulini, wakainua simu zao.

"Anaonyesha walivyofanya kazi," mmoja akaeleza wenzake.

Aliteremka polepole, akinong'ona kitu kama hesabu ambayo haikuwa hesabu: hapa palikuwa na fundo la ubao, hapa nilibadilisha goti, hapa fundi mwenzangu Pekeshe alipenda kukaa akivuta sigara, hapa nilinyoosha mkono nikaugusa mti ule nisianguke. Akausimamisha mkono wake wa kushoto hewani. Akaushusha. Kiganja kikagusa saruji yenye joto.

"Hapa," akasema. "Nikikosea, ni kwa kiganja kimoja."

Kivuli kikamwangukia. Winfred alikuwa amesimama juu yake, simu mkononi.

"Mzee Jefwa. Watu wanangoja ukumbini. Na umeacha kabati wazi."

"Nimeliacha, madam."

"Unafanya nini hapo chini?"

"Napima."

Winfred aliiona patasi. Aliwaona wanawake wawili, na viatu vya yule mkongwe vilivyokuwa vimevuliwa na kupangwa pembeni. Sauti yake ikashuka. "Mzee, saruji hii ina majuma sita. Wafadhili wanakuja Jumatatu. Ukiivunja, sitaweza kukutetea tena. Unanielewa? Usije kesho."

"Nimekuelewa, madam. Ulinitendea mema." Akatoa kurasa nne mfukoni mwa shati, zimekunjwa vizuri, akampa. "Wasomee wewe. Mwishoni unyamaze kidogo."

Winfred alizipokea. Kisha viatu vyake vikasikika vikienda ukumbini, haraka, kisha polepole.

Jefwa akaufungua uzi wa chaki.

"Alilazwa akielekea wapi?" akauliza Qabale.

"Baba hakusema."

"Basi tutamlaza sisi. Uso kibla, kichwa huku." Akaketi juu ya saruji, mifupa yake ikilalamika, akanyoosha mkono. "Nipe mimi upande wa mashariki."

Jefwa akampa ncha ya uzi. Yeye akashika ile nyingine, akarudi nyuma kwa magoti, akasimama mahali alipokisia.

"Alikuwa mrefu?"

Qabale alifikiri. Hakuwa amewahi kumwona.

"Mama alisema shuka zake zilikuwa fupi kwake zote."

Jefwa akasogea nyuma kiganja kimoja. Uzi ukakaza kati yao, mweupe. Barwako alikuja akapiga magoti katikati, akauvuta juu kwa vidole viwili, akauachia. Ukaanguka, ukaacha mstari wa chaki juu ya saruji.

Jefwa akaweka patasi kwenye mstari, akainua nyundo.

Kutoka ukumbini yakaja makofi. Yalikuwa marefu, ya watu wengi, na mmoja wao alipiga mbinja. Jefwa akaizuia nyundo hewani, akingoja yaishe. Mbele yake Qabale alikuwa bado ameikamata ncha ya uzi, ameinamisha kichwa, anasikiliza.